Doa Kwenye Kitako

Katika soko la bunduki la Darra, fundi Gulmar alijulikana kwa mambo mawili: hapaki vanishi, na hana subira na mtu anayemfundisha kazi. Alichovya kiganja kwenye mafuta ya kitani, akasugua kitako cha bunduki kuukuu ya Kiingereza mpaka mbao ikapata moto.

"Fundi, doa hilo jeusi umeliacha!" alilalamika Torkhan, mwenye bunduki. "Piga msasa litoke. Babu yangu aliwafukuza wavamizi kwa bunduki hii!"

"Msasa kapige meza ya kwenu. Hilo ni alama ya shavu la mtu. Jasho la miaka mingi limeingia ndani ya mbao." Gulmar akaifuta bunduki, akampa. "Lenga, uone."

Torkhan akaiweka kwenye bega la kulia. Shavu lake halikugusa doa. Doa lilikuwa upande wa pili.

"Hamisha bega."

Akaihamishia kushoto. Shavu likatua pale pale, kama lililopimwa.

"Aliyeitumia hii ni wa mkono wa kushoto," fundi alisema. "Hapo hunibishii."

"Babu alitumia wa kulia. Kwetu wa kushoto ni..." Torkhan akakumbuka kila Idi, babu akiwasimulia wajukuu vita vile, na bibi pembeni akikata nyama, kisu mkono wa kushoto, akitabasamu peke yake.

Gulmar akachukua msasa. "Haya, nilitoe?"

"Thubutu!"