Mkono wa Ongeri kwenye Usukani

Nyamoita hakuogopa siku usukani ulipomtetemekea mara ya kwanza. Watu wengi wangeogopa, na wangekuwa na haki. Ilikuwa Ijumaa alasiri, ameshusha ndizi mjini Kisii na anarudi nyumbani Nyacheki, bintiye Linda ameketi pembeni akitafuna muwa. Alipokanyaga breki kwenye ule mteremko mrefu wa mwisho, unaoishia kijitoni, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake. Haukutetemeka kwa nguvu. Ulitetemeka upesiupesi, bila kukoma, na alipoachia breki ukatulia.

Mtetemo ule aliujua. Mwaka mzima alikuwa ameushika mikononi kila jioni.

Mumewe, Ongeri, aliugua ugonjwa wa kutetemeka. Ulianzia kidole gumba, ukapanda taratibu, mwishowe akawa hawezi kushika hata kikombe cha chai bila kujimwagia. Wakati huo kigari chao cheupe kilikaa nyuma ya nyumba kimefunikwa turubai, maana mwenye nacho hakuweza tena kukiendesha na mkewe hakuwa amejifunza. Jioni chai ikishanyweka, Ongeri angemnyooshea mkewe mikono yote miwili na kusema neno moja tu, "Nishike." Nyamoita angeishika, na baada ya muda ingetulia, kama kifaranga anavyotulia ukimfumbata. Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka Ongeri alipozikwa pale upande wa migomba.

Baada ya mazishi Nyamoita alijifunza kuendesha, akavua turubai, akaanza kupeleka ndizi mjini mwenyewe. Na sasa, miezi kadhaa baadaye, ile mikono ilikuwa imerudi.

Usimcheke. Kanisani kwao wamefundishwa kwamba wafu wamelala na hawajui lolote, na Nyamoita mwenyewe amewahi kusimama katika Shule ya Sabato akalifundisha somo hilo kwa sauti kavu kabisa. Ndiyo maana hakumwambia mchungaji, wala shemeji zake. Alilifunga moyoni, na moyo wa mjane una nafasi kubwa ya kufungia mambo.

Akaanza kuutafuta mtetemo. Mwanzoni aliungoja mteremkoni tu. Baadaye akawa anakanyaga breki hata penye tambarare, barabara tupu mbele yake, mradi tu ausikie. Alikuwa akikanyaga polepole na kwa muda mrefu, ili usiishe haraka. Kila wiki ulizidi kuwa mkubwa, naye akazidi kufurahi. Alishusha sauti akasema, "Nimekushika, Baba Linda. Nimekushika." Furaha hiyo ilimtisha na bado hakuiacha.

Mtoto wa darasa la saba huona mengi, na Linda aliacha hata kutafuna muwa garini. Alikuwa akikaa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili, akimtazama mama yake akiongea na usukani.

Ijumaa moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha na ukungu umelala juu ya mashamba ya chai. Mbele yao palikuwa na bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi, dereva haonekani kwa mzigo. Nyamoita alikuwa ameshakanyaga breki, kwa ule ukanyagaji wake wa taratibu, mikono inatetemeka, macho ameyafumba nusu. Bodaboda ikasimama ghafla kumpisha ng'ombe.

"Mama!"

Alifumbua macho akaona ndizi zimejaa kioo kizima. Alizungusha usukani, gari likaruka mtaro, likaingia kwenye chai ya watu na kuzimika humo. Dereva wa bodaboda alitoa matusi yake yote, akaenda zake mzima. Linda alikuwa amegonga paji la uso kwenye kioo cha mlango, na uvimbe ulianza kuota hapohapo, mbele ya macho ya mama yake.

Hakulia. Alisema tu, "Tata amekufa, Mama. Mimi ndio niko hapa."

Nyamoita akaachia usukani.

Jumatatu asubuhi walienda kwa Obadiah, fundi mwenye gereji karibu na Daraja Mbili, aliyekuwa rafiki wa Ongeri tangu shule. Obadiah ni Mkatoliki, na utani wake na Wasabato haujawahi kwisha.

"Bwakire, Mama Linda," alisema, akipangusa mikono. Kisha akaona uso wa Linda na utani wote ukamtoka. "Nini imefanyika?"

"Gari linatetemeka," alisema Nyamoita. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema hayo kwa mtu, na aliyasema kama anayemshtaki ndugu.

Walitoka naye barabarani, Obadiah akiendesha. Penye tambarare alikimbiza gari bila kugusa breki, likaenda kimya. "Sasa hiyo inatuambia tairi iko sawa," alisema. "Kama ingekuwa tairi, ingetingika hata bila breki." Kwenye mteremko akakanyaga. Usukani ukatetemeka mikononi mwake.

Nyamoita aligeuza uso dirishani. Hakutegemea kwamba angeona wivu. Aliuona, wa kweli kabisa, kwa sababu mikono ile ilikuwa inamshika mtu mwingine.

"Unaona? Usukani ndio inatingika, kiti hapana. Ingekuwa breki za nyuma, ungesikia hapo umekalia. Hii ni diski za mbele."

Gerejini alipandisha gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akaondoa pedi. Akafunga bisibisi pembeni kwa waya, ncha yake ikikaribia kuugusa uso wa ile diski ya chuma. Kisha akaizungusha kwa mkono, polepole. Diski iligusa ncha, ikaiacha, ikaigusa tena, ikaiacha. Kwaru, kimya. Kwaru, kimya.

"Imepinda," alisema Obadiah. "Kidogo tu, lakini pedi inajua. Ukikanyaga, inasukumwa huku na kurudi, inapelekea wewe huo mtetemo kwa usukani."

Nyamoita alitazama chuma kile. Alitaka kukichukia akashindwa.

"Imepindwa na nini?"

"Joto na maji. Gari unaosha wewe?"

"Naosha mimi. Ijumaa, kabla jua halijatua. Pale kijitoni, chini ya mteremko."

"Ukifika tu?"

"Nikifika tu. Nachota ndoo, naanza na magurudumu kwa sababu ya tope."

Obadiah alicheka kidogo. "Ninyi Wasabato mtaua magari kwa usafi. Umeshuka mlima mzima na breki, hiyo chuma inawaka, halafu unamwagia maji ya kijito, na baridi yenyewe ni ya huko kwenu? Lazima ipinde."

"Lakini Ongeri aliosha hapohapo!" Sauti ilimpanda mpaka vijana wa gereji jirani wakageuka. "Kila Ijumaa, miaka yote. Mimi nimefuata alivyofanya. Mbona kwake halikutetemeka?"

"Ongeri?" Obadiah alikaa chini juu ya tairi. "Mama Linda, Ongeri alikuwa anafika pale anapindua ndoo, anaikalia. Anasalimia huyu, anauliza yule ng'ombe yake ilipona mguu, anaitwa kule aonyeshwe mtoto. Mimi nimempita hapo mara mingi. Akikumbuka kuosha, breki zimepoa zamani."

Nyamoita alikumbuka. Alimkumbuka mumewe akirudi jua likiwa limebakiza kidole, gari likichuruzika maji, na yeye mwenyewe mlangoni, mikono kiunoni, akimfokea: Jua linatua, nawe unauliza habari za ng'ombe wa watu! Ongeri alipokufa, Nyamoita alichukua ndoo, kitambaa, kijito na ile Ijumaa yenyewe. Soga aliiacha. Aliihesabu kuwa upotevu wa muda.

"Ukitengeneza," aliuliza kwa sauti ndogo, "itaisha kabisa?"

"Kabisa. Hizi zimekwisha, siwezi kuzichonga tena. Naweka mpya na pedi zake."

Mkono wa Nyamoita ulikuwa umeshaufuata ufunguo juu ya boneti. Kidogo auchukue aondoke. Linda alikuwa amesimama kando, uvimbe umegeuka rangi ya zambarau, hamwangalii mama yake ila anauangalia ule mkono.

Nyamoita akapiga moyo konde. "Tengeneza," alisema, akaurudisha mkono.

Ijumaa ilifika. Walishuka ule mteremko Linda akiwa pembeni, amerudia muwa wake. Nyamoita alikanyaga breki. Usukani ulikaa kimya mikononi mwake. Akakanyaga zaidi, gari likapunguza mwendo kwa adabu, bila neno. Hata siku ya mazishi hakuwahi kuhisi mikono yake ikiwa mitupu kiasi kile.

Chini kijitoni alisimamisha gari, akachota maji, akaja na ndoo hadi kwenye gurudumu la mbele. Joto la chuma lilimpanda miguuni. Sasa alijua. Ndoo hii moja, na nyingine Ijumaa ijayo, na nyingine tena, na Ongeri angerudi. Hakuna ambaye angejua ila yeye na mtoto aliyekuwa akimtazama kupitia kioo.

Alisimama hapo mpaka mkono wa ndoo ukamkata vidole. Kisha akayamwaga maji yote majanini, akaipindua ndoo, akaikalia.

Alikaa vibaya, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenziwe. Mama mmoja mzee, Nyangate, alikuwa anapanda kutoka kijitoni na mtungi wake wa plastiki. Alipoona mtu kwenye ndoo alisimama kabisa, akaweka mkono kifuani.

"Umenishtua, mwanangu. Tangu baba yake Linda aende, hakuna mtu amekaa hapo."

Nyamoita alifungua mdomo. Hakujua watu huanzia wapi. "Ng'ombe," alisema kwa kubahatisha. "Yule ng'ombe wako wa mguu. Alipona?"

Uso wa mzee ukafunguka. Akatua mtungi, akaanza kueleza, na alikuwa na mengi: ng'ombe alipona, akazaa, ndama akafa, akazaa mwingine. Jua lilishuka juu ya chai. Gari lilikuwa na tope mpaka milangoni, na Sabato ilikuwa inaingia hivyohivyo.

Nyangate alipokwenda, Nyamoita aligusa chuma cha gurudumu. Kilikuwa kimepoa. Alitaka kuinuka achote maji ndipo akaiona mikono yake mwenyewe magotini, inatetemeka, na hakukuwa na gari la kusingizia. Machozi ambayo hayakutoka mazishini yakamtoka hapo.

Mlango wa gari ulifunguka. Linda alikuja akachuchumaa mbele yake.

Nyamoita alimnyooshea mikono yote miwili.

"Nishike," alisema.