Zulia la Kukunjia Parachuti

Mikunjo alifika kazini kabla chai ya mlinzi haijapoa, akafungua banda la ndege, na jambo la kwanza aliloliona likamkata maini. Mkeka wake mpana wa kukunjia parachuti, aliokuwa ameufuta kwa kitambaa kikavu jana jioni na kuuviringisha vizuri, ulikuwa umetandazwa chini ya injini ya ndege. Katikati yake kulikuwa na dimbwi la mafuta meusi.

Fundi wa ndege alikuwa amekaa juu ya ndoo, roho yake kwatu.

"Nilihitaji cha kukingia," alisema. "Usijali, nitaufua."

Ungemfua yeye ingekuwa rahisi zaidi. Kitambaa cha parachuti ni nailoni nyepesi, na mafuta yakishaingia kwenye mkeka huwa hayatoki, hujificha yakisubiri kitambaa. Mikunjo aliona kumgombeza fundi ni kupoteza pumzi, akatoka nje na parachuti yake mgongoni.

Siku hiyo haikuwa ya kupoteza pumzi. Miaka mitatu alikuwa amekunja parachuti za watu wanaojirusha kutoka ndegeni kwa hiari yao, lakini daima chini ya sahihi ya mtu mwingine. Saa tatu asubuhi ile Mkaguzi alikuwa anakuja kumtahini. Akipita, atapata cheti na kutia sahihi yake mwenyewe. Asipopita, na kwa kuwa hii ilikuwa mara ya pili, angengoja miaka miwili.

Mara ya kwanza ni hadithi ambayo wenzake waliisimulia kwa raha kuliko yeye. Mtihani wa Mkaguzi una sehemu tatu: mtahiniwa anachagua mwenyewe mahali pa kukunjia, anakunja, kisha anaruka na kile alichokikunja siku hiyohiyo. Mikunjo alichagua nyasi, zilikuwa fupi na laini. Alikunja vizuri kama mtu anayefunga zawadi. Mkaguzi akafungua kukagua, na panzi mkubwa akaruka kutoka katikati ya kitambaa, baada ya kujitafunia kitobo chake humo. Ndiye pekee aliyeruka siku ile. Kwa miezi mitano watu kiwanjani walimsalimia Mikunjo kwa kuuliza kama panzi hajambo.

Basi nyasi hapana. Alikwenda kwenye saruji inapoegeshwa ndege, akapitisha kiganja, kikarudi kimechubuka. Kinachochubua ngozi ya mtu aliyezoea kufua kitaifanya nini nailoni? Alikwenda kantini. Sakafu ilikuwa imesuguliwa nta mpaka ikatoa picha ya uso wake, na parachuti juu ya nta huteleza ikakukimbia kama mtoto asiyetaka kuoga. Tena chini ya meza kulikuwa na sukari, na penye sukari kuna sisimizi. Ofisini palikuwa safi na pakavu, ila kutoka ukuta hadi ukuta ni hatua tano, na kamba zikinyooshwa pamoja na kitambaa zinataka hatua tisa.

Ilipogonga saa mbili unusu, lilibaki pahali pamoja alipokuwa anapajua siku zote na kujifanya hapajui: sebule ya mama mkwe.

Nyumba ya Mama ilikuwa upande wa pili wa uzio wa kiwanja. Mwanawe, mume wa Mikunjo, ndiye rubani wa ndege ileile iliyokuwa ikibadilishwa mafuta. Mama alikuwa fundi cherehani, na sebule yake ndefu, iliyokuwa vyumba viwili mpaka marehemu baba mkwe alipovunja ukuta, ilikuwa na zulia ukuta kwa ukuta. Zulia la manyoya mafupi, kavu, halikwaruzi wala halitelezi, mbali na dirisha lenye jua. Ungeagiza mahali pa kukunjia, usingepata pazuri zaidi. Tatizo ni kwamba zulia lile lilikanyagwa kwa ruhusa maalumu.

Tatizo la pili ni kwamba Mama alijua nusu ya habari. Mikunjo alikuwa amesharuka mara kumi na saba. Yeye na mumewe walikuwa wamemwambia Mama kwamba kazi yake ni kukunja tu, kazi ya chini, ya kupiga magoti. Uongo huo hawakuupanga. Walianza kunyamaza siku moja na kunyamaza kukawa kuzuri.

"Shikamoo Mama. Nina shida ya sebule."

"Marahaba. Sebule haina shida, wewe ndiye unayo. Nani anakuja?"

"Mkaguzi. Kutoka makao makuu."

Mama aliweka chini kitambaa alichokuwa anakipinda. Mgeni wa makao makuu hajawahi kuiona sebule yake. Ndani ya dakika kumi viti vilikuwa barazani, meza imesimamishwa koridoni, na masharti yamekwisha kutangazwa: miguu ioshwe, viatu vibaki nje hata vya serikali, na mtu asiegemee ukuta.

Mkaguzi alikuja saa tatu kamili, mzee mfupi mwenye miwani na penseli sikioni. Alivua viatu bila kuambiwa, jambo lililompandisha cheo machoni pa Mama papo hapo. Alilizunguka zulia, akaligusa, akalinusa.

"Si baya," alisema. "Na kanuni unaijua. Ukishakunja, saa tano unaruka nayo."

Mama akaacha kupanga viatu mlangoni.

"Nani anaruka?" Mama aliuliza.

Mkaguzi alimtazama Mikunjo. Mikunjo alilitazama zulia.

"Mimi, Mama."

"Unaruka kutoka wapi?"

"Kwenye ndege."

"Ndege ikiwa wapi?"

"Juu, Mama."

"Mwanangu anapanda na ndege na kushuka na ndege," Mama alisema taratibu. "Wewe unapanda na ndege, halafu unashuka na shuka."

"Kuna parachuti nyingine ya akiba, Mama. Ya pili."

"Kama ya kwanza ni nzuri, ya pili ya nini?"

Mama aligeuka akaenda jikoni, na mlango ukafungwa kwa adabu, ambayo ni mbaya kuliko kubamizwa. Mikunjo aliumia. Alitamani kumfuata, lakini penseli ilikwisha kutoka sikioni.

Akapiga magoti. Kabla ya kutandaza, mkunjaji hutambaa mahali pote kwa viganja vitupu, maana macho huona anachotaka mwenye macho. Alitambaa kutoka mlangoni hadi ukutani, akarudi. Viganja havikuhisi kitu. Akaanza kufungua mkoba wa parachuti, na mlango wa jikoni ukafunguka.

"Usitandaze," Mama alisema.

"Mama, tafadhali."

"Kuna sindano humo. Iliniponyoka Jumanne, sijaitafuta bado." Alikuwa amesimama kizingitini, ameshika nguzo ya mlango. "Nilikuwa jikoni najiambia, nyamaza. Huyu mzee ataiona, atamwangusha mtihani, na mkamwana wangu atabaki chini na watu wengine. Nikafurahi kabisa, nikabandika chai. Halafu nikajiuliza, na asipoiona?"

Hakuona haya, alijifuta uso kwa pembe ya kanga na kungoja.

Mkaguzi aligeuza ukurasa wa daftari lake. "Kuhama ruhusa," alimwambia Mikunjo. "Muda haujaanza. Unachagua nini?"

Mikunjo alifikiri juu ya saruji, nta, nyasi na panzi wake.

"Mama, unazitafutaje sindano zako?"

Mama alifungua droo ya cherehani akatoa sumaku nyeusi yenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Akapiga magoti, akaanza kuipitisha juu ya zulia mstari kwa mstari, kama anayepiga pasi. Mikunjo akawa anamwekea alama za mistari kwa chaki ya ushonaji. Mkaguzi, ambaye kanuni hazikumkataza, alitambaa nyuma yao na tochi. Mstari wa nne sumaku ikalia tik.

"Hii hapa," Mama alisema kwa ushindi.

Mstari wa saba ikalia tena. Na wa tisa.

"Hizo mbili," Mama alisema, "sina habari nazo."

Mikunjo aliagiza lipitiwe upya, kutoka mwanzo, safari hii kwa mapana. Kisha mara ya tatu, kwa mshazari. Sumaku ikatoka tupu mara mbili mfululizo. Wakapiga chaki yote kwa brashi mpaka zulia likarudia rangi yake, magoti ya Mkaguzi yakilia kila alipoinuka.

"Zulia limetoa sindano tatu," alisema. "Bado unalichagua?"

"Nalichagua," Mikunjo alijibu. "Kwingine kote nimekagua mwenyewe, na sijui kilichonipita. Hapa aliyekuwa na sababu ya kuninyima ameniambia."

Mkaguzi aliandika kitu kirefu. Mikunjo akatandaza, akanyoosha kamba, akahesabu mikunjo ya kitambaa mmoja mmoja, akautoa upepo kwa kulala juu yake kwa kifua, akafunga. Mzee alifungua, akatazama kila kitu, akamwambia afunge tena. Hakukutoka panzi.

Saa tano na robo Mikunjo alitoka kwenye mlango wa ndege. Alihesabu, akavuta, akasikia lile pigo la mabegani analolipenda kuliko wimbo wowote, na juu ya kichwa chake kitambaa kilijaa chote, hata pembe moja haikusita. Alishuka akicheka peke yake. Chini alimkuta Mkaguzi amekwisha kutia sahihi, na watu wengi wa kumpongeza, ila Mama hakuwapo. Hakuwapo uzioni wala barazani.

Alimkuta sebuleni. Mama alikuwa amepiga magoti katikati ya zulia, mgongo dirishani, anapitisha sumaku mahali alipokwisha kupitisha mara tatu.

"Nimefika, Mama."

Mama hakugeuka mara moja. Alimaliza mstari wake hadi ukutani, akaitazama sumaku, haikuwa na kitu. Ndipo akamtazama mkamwana wake, kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, polepole, kama nguo iliyorudishwa na mteja.

"Unaruka tena lini?"

"Jumamosi."

"Basi Ijumaa sitashona humu," Mama alisema, akamnyooshea mkono amwinue.