Wadudu wa Mzee Usafi

Mimi si mtu wa kinyaa. Nimewahi kufungua kompyuta yenye mavi ya panya, na nyingine iliyomwagiwa maziwa ya mtoto yakachachia humo humo, na baadaye nikala chakula changu cha mchana kama kawaida. Lakini ile ya Mzee Usafi ilinishinda, na si kwa sababu ya mende peke yao.

Mzee Usafi ana duka la kuchapa na kutoa kopi, chumba chembamba chenye kaunta mbele na pazia nyuma. Jina hilo wamempa wateja kwa kejeli, maana haachi kuhubiri usafi huku vidole vyake vinanata. Mdogo wangu ndiye mchapaji wake. Ana mapacha wanaosoma na mume aliyekwenda kununua vocha hajarudi mpaka leo, kwa hiyo kazi ile ndiyo inayowalisha.

Siku hiyo alinipigia simu, sauti imemkauka.

“Dada, njoo sasa hivi. Mashine inazima ovyo, na mzee anasema nimeiletea virusi kwa flashi yangu. Anasema ukivikuta, leo ndiyo mwisho wangu.”

Nilipoingia dukani, harufu ya dawa ya kuulia wadudu ilinikaba koo. Mzee Usafi alinipokea akiwa amekumbatia kopo.

“Karibu, fundi. Mdogo wako ameniharibia mashine. Anachomeka flashi, anachomoa, anachomeka, kama mlango wa choo cha stendi! Lakini mimi sikukaa tu. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchapa mitihani aliniambia humu mna wadudu. Basi kila jioni nikishafunga nawapulizia mwenyewe, kwenye yale matundu ya nyuma. Nawapulizia hasa!”

Nilidhani anatania. Sisi mafundi, na hata walimu, tukisema kompyuta ina wadudu tunamaanisha virusi hivyo hivyo. Yeye alikuwa amekwenda kununua kopo. Na alisimama pale kifua mbele, anangoja nimpongeze! Nilifungua mdomo, mdogo wangu akanikanyaga mguu. Nikameza maneno yangu, nikaanza kazi.

Kabla yangu alikuwa ameitwa fundi mwingine, akapiga windows upya, akaondoka. Hao nawajua. Mashine ikiguna tu, wao wanapiga windows. Mimi nilichomoa diski kabisa, nikaiwasha mashine ikiwa tupu, ikasimama kwenye ule ukurasa wa mipangilio ambao hauhitaji windows wala diski. Virusi vyake, kama vipo, vilikuwa ndani ya diski, na diski nilikuwa nimeishika mkononi. Tukangoja. Namba ya joto kwenye skrini ikapanda, ikazidi kupanda, kisha pu, giza.

“Haya, virusi vimeizimaje vikiwa mkononi mwangu?” nilimuuliza Mzee Usafi.

Alikohoa tu. Wateja waliokuwa wanangoja barua zao nje wakaingia, wakasogea kwenye kaunta kutazama.

Nikafungua mfuniko. Uvundo uliotoka humo ulimfanya mama mmoja mnene arudi nyuma na kuziba pua kwa kanga yake. Mende walikuwa wamelala humo chungu nzima, wengine wamekuwa unga, wengine wamenasa kwenye uji mweusi wa vumbi na mafuta. Feni ya kupozea prosesa ilikuwa imezama katika uji huo. Niliisukuma kwa kidole, ikajongea kidogo, ikakwama. Pembeni ya ram, kile kijiti cha kumbukumbu, kulikuwa na mayai ya mende yamebanwa vizuri, tena mapya. Mate ya kichefuchefu yakanijaa mdomoni.

“Hapa hakuna virusi,” nilisema kwa sauti, wote wasikie. “Feni haizunguki, prosesa inachemka, mashine inajizima ili isiungue. Dawa hii ina mafuta. Mafuta yameshika vumbi, vumbi limegandisha feni. Anayepuliza dawa humu ndiye anayeiua.”

“He!” alisema yule mama. “Nani tena anaipulizia kompyuta dawa ya mende?”

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikamgeukia Mzee Usafi nikamngojea. Kopo alikuwa ameshaliweka kwenye kaunta, mbele ya tumbo lake. Alilitazama, akawatazama wateja, kisha akamkazia macho mdogo wangu.

“Ndiyo,” alisema. “Nani amepuliza dawa humu?”

Hakupepesa hata jicho. Waongo nimewaona, wengine ni wa ukoo wangu, lakini huyu alikuwa amenisimulia kwa kinywa chake muda si mrefu! Damu ilinipanda kichwani.

“Mzee, si wewe mwenyewe hapa…”

“Ni mimi,” mdogo wangu alidakia. “Nilipuliza mimi, mzee. Sikujua. Nisamehe.”

Sasa wakamcheka yeye. Kijana mmoja alimwuliza kama printa nayo ameichanja. Na aliyecheka kuliko wote ni Mzee Usafi, mpaka akafuta machozi.

“Basi, basi, mwacheni,” alisema. “Mimi ni mzazi, nimesamehe. Vijana hawa! Ukiwaambia wadudu, wao wanakimbilia kopo!”

Niliisafisha mashine kwa spiriti na mswaki, nikaifungia feni nyingine iliyokuwa mkobani mwangu, na kila mende niliyemkwangua nilitamani nimtie kwenye chai ya mzee huyo. Ikawaka, ikachapa barua za watu wote bila kuzima. Mzee Usafi akanipa mkono wa shukrani. Niliupokea, nao ulikuwa unanata.

Mdogo wangu alinisindikiza hadi mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea.

“Ungemwaibisha mbele ya wateja, angenibakiza?” aliniwahi. “Mashine imepona, dada. Na mimi bado nipo.”

Alisema kweli, na hilo lilinichefua kuliko mende wote wale.

“We Kopo!” Mzee Usafi aliita kutoka ndani, na wateja wakacheka tena. “Watu wanangoja!”

“Nakuja, mzee!” aliitika, kwa sauti nzuri kabisa. Kisha akanishika mkono.

“Usimwambie mama,” alisema.