Tangazo la Mama Marselina

Saada alikuwa kwenye uchungu tangu alfajiri kule zahanati ya Nkowe, na dada yake, fundi Shamimu, badala ya kumshika mkono, alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la chuma katika kituo kidogo cha redio mjini Nachingwea. Wawili hao ndio watoto pekee wa Mzee Harithi. Uzazi wa kwanza nusura uondoke na Saada. Mtoto akaondoka peke yake. Safari hii hakuna aliyethubutu hata kununua nguo za kichanga. Shamimu aliapa kwamba akishawasha mitambo tu, ni bodaboda mpaka Nkowe, bila hata kunawa.

Kazi ilikuwa imemnyookea. Vifaa vipya alishavipachika kabatini, kimoja juu ya kingine, na kuvikaza skrubu pande zote mbili. Nyaya za umeme alizipitisha kushoto na za sauti kulia, maana zikilala pamoja redio nzima huvuma kama mzinga wa nyuki. Ulibaki waya mnene wa kupeleka sauti mnarani, ambao bado ulikuwa umeviringishwa juu ya meza, na waya mwingine mwembamba uliokuwa ukining'inia bila kazi.

Huo mwembamba ulitoka kwenye maikrofoni ya Mama Marselina, msomaji wa matangazo ya vifo, aliyefariki msimu huu wa ufuta. Arobaini yake ilikuwa haijafika. Isihaka, meneja wa kituo, alikuwa ameagiza waziwazi: kitu cha marehemu hakitumiki kabla ya arobaini. Maikrofoni ikae palepale kwenye chumba chake nyuma ya kioo, imefunikwa kanga yake, na waya uachwe ulivyo. Shamimu aliitikia. Lakini fundi gani anaacha waya unaning'inia ndani ya kabati alilolifunga mwenyewe? Akauchomeka chaneli ya nne ya miksa, mashine ya sauti ambayo taa zake huruka mtu akiongea, ukae tayari tu, kisha akavaa hedfoni apime.

Taa za chaneli ya nne zikaanza kuruka.

Aliinua macho. Nyuma ya kioo hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimesogezwa mezani, na kanga juu ya maikrofoni ilikuwa ikivutwa ndani kidogo na kuachiwa, ikivutwa na kuachiwa, kama shuka usoni pa mtu aliyelala. Hedfoni zilimletea mchakacho wa karatasi. Kisha ukucha ukagonga meza mara mbili, taratibu, kama Mama Marselina alivyogonga kila siku kabla ya kusoma, wilaya nzima ikinyamaza kumsikiliza.

"Familia ya Mzee Harithi wa Nkowe inasikitika kutangaza kifo cha binti yao mpendwa. Habari ziwafikie Bwana Nurdini aliyeko Naipingo, na Shamimu aliyeko Nachingwea. Marehemu ni..."

Shamimu aliung'oa waya. Taa zikazimika.

Jina la marehemu Mama Marselina alilisoma mwisho siku zote, ili mwenye msiba apate nafasi ya kukaa chini kwanza. Shamimu hakukaa. Alimpigia shemeji yake Imrani, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Ndipo akamwita Isihaka na kumweleza yote, pamoja na kosa lake.

Isihaka hakumgombeza. Alisimama mlangoni, mbali na kioo, akauliza kama marehemu amesoma mara moja au mara mbili. Mara moja, Shamimu akajibu, tena hakumaliza.

"Basi bado," Isihaka alisema. Huku, alimkumbusha, watu hawalii kwa tangazo la kwanza. Husubiri la pili, kwa sababu katikati hapo familia hupiga simu kusahihisha, na Mama Marselina hakuwahi kukataa masahihisho.

"Atasoma la pili hata nikiuacha huu waya nje?"

"Mdogo wangu, yule mama alikuja kusoma akiwa na malaria. Unadhani waya utamzuia?"

Shamimu aliurudisha waya chaneli ya nne, akavaa tena hedfoni. Kanga ikavutwa ndani. Kabla ukucha haujagonga, alibonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha mtangazaji.

"Mama Marselina, tangazo lina makosa. Aliyekufa si Saada. Naomba usahihishe."

Kisha kalamu ikakwaruza karatasi, ikakata mstari mmoja mrefu. Ukucha ukagonga.

"Familia ya Mzee Harithi wa Nkowe inasikitika kutangaza kifo cha binti yao mpendwa. Habari ziwafikie Bwana Nurdini aliyeko Naipingo, na Saada aliyeko zahanati ya Nkowe."

Shamimu alicheka, machozi yakamtoka. Saada ametajwa miongoni mwa wanaopewa habari. Saada yu hai. Alimgeukia Isihaka amwambie, akakuta Isihaka, ambaye hakuwa na hedfoni wala hakusikia lolote, anamtazama kama anayehesabu kitu. Hapo naye akahesabu. Mabinti wa Mzee Harithi ni wawili.

Sauti ilikuwa imetulia, ikimpa nafasi. Kisha ikasoma jina, polepole na kwa heshima, kama ilivyosoma majina yote.

Simu ikaita. Ni Imrani, nyuma yake kichanga kinalia, na nyuma ya kichanga wanawake.

"Saada mzima," alisema kwa sauti iliyokauka. "Mtoto wa kike. Lakini hapa redio imesoma tangazo, watu wameanza kulia. Nani huyu ameshika simu ya shemeji yangu?"

Shamimu alitazama mezani. Waya wa kwenda mnarani ulikuwa palepale, umeviringishwa, ncha zote mbili zikiwa hazijachomekwa popote. Alifungua kinywa akamjibu Imrani, mdomo ukiwa karibu na maikrofoni ya kitufe kile, lakini kwenye chaneli zote za miksa hakuna taa iliyoruka.

Akakaa chini.