Kovu Chini ya Shati

Fundi cherehani alipoanza kulalamika mgongo, mkewe alimcheka. Mtu aliyejikunja juu ya cherehani miaka nenda miaka rudi, alimwambia, asidai mgongo wa kijana. Jioni alimlaza kifudifudi akamkanda kwa mafuta ya moto, na Fundi akanung'unika kwamba mikono ile imegeuka pasi ya mkaa.

Madaktari nao walimlaza vivyo hivyo, wakambonyeza mgongo, wakamuuliza kazi yake. Wakisikia cherehani, wanampa dawa za maumivu. Kifua hakuna aliyekitazama. Huko kulikuwa na kovu refu la upasuaji wa zamani, alipotolewa uvimbe kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Waliporudi nyumbani safari ile, mke ndiye aliyekata shauri jambo hilo lisitajwe tena. Yaliyopita si ndwele, alisema. Fundi akalishika neno, na tangu hapo shati lake likafungwa vifungo hadi shingoni.

Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Asubuhi moja Fundi alikanyaga cherehani, nayo haikuzunguka.

Katika hospitali kubwa, daktari mwanamke alimtaka avue shati, alale chali. Alipoliona kovu akamgeukia mke.

"Mama, hili ni la nini?"

Mke alieleza, ulimi mzito. Wakampiga Fundi picha ya uti wa mgongo, wakamchoma sindano na kutoa kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka, daktari hakuzungukazunguka: uvimbe ule wa tezi ulikuwa umesambaa hadi kwenye pingili za mgongo. Ni jambo la nadra mno. Bila kuliona kovu, hata yeye asingeliwazia. Mionzi ingetuliza maumivu. Miguu isingerudi.

"Na tungesema mapema?" mke aliuliza.

"Pengine angekuwa anatembea, mama."

Nyumbani mke alikosa pa kuuweka uso wake. "Mimi ndiye niliyekufunga mdomo, mume wangu."

"Kwani mdomo ulikuwa wako?" Fundi alisema. "Lete kiti. Sare za watu hazijaisha."

Shati lake lilikuwa wazi kifuani. Mke alikaa ubavuni kwake, akakanyaga cherehani, naye Fundi akaongoza kitambaa. Alikanyaga kwa pupa, uzi ukakatika.

"Polepole, mama watoto. Unakimbilia wapi?"

Mke alijaribu kutunga uzi, akalikosa tundu la sindano, akalikosa tena. Fundi akauchukua mkononi mwake, akautunga mwenyewe.