Mlima wa Kwao Mama

Mchoraji alikuwa mtu wa rangi za mafuta, na hakujua haraka. Mama yake, ambaye macho yalikuwa yanafifia, alimwomba amchoree mlima wa kwao auone kabla giza halijamfunika. Akaanza kama kawaida yake: akapaka rangi ya kahawia nyembamba kwenye turubai, akagawa mwanga na kivuli, kisha akaiacha ikauke. Rangi nzito huja juu ya nyembamba. Ukilazimisha, picha hupasuka.

“Kaka, mpe hivyohivyo,” dada yake alimwambia. “Mlima unaonekana.”

“Bado ukungu. Bila ukungu, huo ni mlima wa mtu yeyote. Haraka haraka haina baraka.”

“Na ngoja ngoja huumiza matumbo.”

Akaendelea. Miteremko ya mbali akaipoza kwa buluu, miti ya karibu akaikoleza. Miezi ikapita. Alipoipeleka picha, hata yeye alikiri moyoni kwamba hajawahi kuchora vizuri namna ile.

Mama alikuwa amejilaza kitandani, macho wazi. Mwanawe alimsimamishia picha mbele yake, naye mama akageuza uso upande mwingine, akitafuta hatua zake zilipoishia.

“Nasikia harufu ya rangi,” alisema. “Umemaliza, mwanangu?”

“Nimemaliza, mama.”

“Haya, nieleze.”

Akakaa kitandani, akaanza na ukungu. Lakini hakuwa mtu wa maneno, yakamwishia mapema. Mama akasema kwa upole, “Basi, pumzika.”

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.