Magauni Sita ya Satini

Alhamisi ile, mpaka kufika saa sita mchana, Dirisha alikuwa na furaha ya mtu asiyejua alichokifanya.

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika mjini. Alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa dirishani, ikitazama njia panda ambapo watu wote hupita wakienda sokoni na kurudi. Kila alichokiona hapo alikiandika kwenye simu, katika ukurasa aliouita Kutoka Dirishani: barabara iliyochimbwa mwezi wa kwanza ikaachwa wazi, mwalimu mkuu aliyeanza kupaka nywele rangi baada ya kustaafu, mwanamuziki wa hapahapa aliyerudi likizo akaingia duka la dawa na miwani ya jua usoni, akaiparamia rafu ya dawa za kikohozi. Watu walicheka. Walikuwa watu elfu mbili waliokuwa wakimfuata, katika mji ambao ukipiga chafya huku, unapewa pole kule. Naye Dirisha alikuwa na sheria moja tu, akiishika kwa mikono miwili: hataji jina la mtu.

Siku hiyo aliandika kuhusu tamthilia ya saa mbili, ile ambayo kila nyumba inaitazama na kila nyumba inaapa haiijui. Katika sehemu ya jana yake, mke mdogo wa tajiri alificha mimba kwa shali, na mama mkwe wake, mwanamke asiyepitwa na jambo, hakuona kitu. Dirisha akaandika hivi:

"Mama mkwe haoni? Haya. Lakini fundi wake angeona. Mimi hapa nimepanua kiuno cha gauni moja la sare mara mbili mwezi huu, na mwenyewe anasema ni mikate. Mikate! Ngoja niwaibie siri ya kazi: satini haisahau. Ukifumua mshono, matundu ya sindano yanabaki, hata upige pasi mpaka jasho likutoke. Tafuteni mistari miwili ya matundu ubavuni, mtampata mla mikate wenu."

Hiyo mikate aliibuni mwenyewe ili kumficha mwenye gauni. Aliona amemficha vizuri sana. Akatuma, akarudi kwenye cherehani akiimba.

Mwenye gauni alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake wa pekee. Tangu aolewe alishabeba mimba tatu, na zote tatu ziliharibika. Safari ya kwanza mama yao alinunua shuka za mtoto na kutangaza mtaa mzima. Ya pili alitangaza nusu mtaa. Ya tatu hakutangaza, lakini kila aliyemwona usoni alijua, na mimba ilipotoka wote walikuja na pole zao, wakamkalisha wifi katikati ya sebule kama maiti anayepumua. Sasa ilikuwa ya nne, miezi mitatu na nusu. Hakumwambia mtu ila Dirisha. Hakumwambia hata mume.

"Kaka yako amelia mara tatu," alimwambia Dirisha siku ile alipoleta gauni, akiwa amesimama katikati ya chumba cha kazi na mikono juu, futi ikimzunguka kiuno. "Sitaki alie ya nne kwa kitu ambacho bado hata mimi sikiamini. Mimba ikivuka miezi mitano nitasema mwenyewe. Wifi, usinianike."

"Nikuanike mimi? Mimi na wewe tena?"

Ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake.

Saa sita na robo msusi wa duka la jirani aliingia bila kubisha hodi, kitana bado kimemning'inia nyweleni, akicheka mpaka anajishika mbavu.

"Dirisha, utatuua! Kule kwangu wamekaa wawili wa sare ya harusi yenu. Mmoja alikuwa na gauni lake kwenye mfuko. Basi wamelitoa, wanakagua ubavu kwa tochi ya simu!"

Mguu wa Dirisha ulisimama juu ya kanyagio.

"Sare ya harusi gani?"

"Si hii ya binti wa shangazi yako Jumamosi? Kwani mwezi huu kuna sare nyingine ya satini hapa mjini?"

Hapakuwa na nyingine. Hilo ndilo lililokuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa yeye aliyezishona. Alikuwa amehesabu majina, kwamba hakutaja hata moja, akasahau kuhesabu magauni. Yalikuwa sita tu, rangi ya zabibu, ya wanawake sita wa ukoo mmoja watakaomsindikiza bibi harusi. Na juu ya hapo alikuwa ameufundisha mji mzima mahali pa kutazama. Mafundi huambiana mambo ya matundu ya satini wao kwa wao. Yeye kayamwaga njia panda ili achekeshe.

"Umekuwaje? Mbona umebadilika?" msusi aliuliza.

"Njaa tu," Dirisha alisema, akaichukua simu.

Alifuta andiko. Kufuta kukawa ni kujipalia makaa, maana watu walikwisha kulipiga picha na kulisambaza, na sasa waliuliza kwa nini amelifuta. Kumbe ni kweli! Ni nani? Ni yule mrefu? Ni bibi harusi mwenyewe? Wakati bado anasoma, mama yake akapiga.

"Wewe mtoto, nimesomewa. Ni nani huyo?"

"Mama, ule ulikuwa mzaha wa tamthilia."

"Mzaha wenye mistari miwili? Usinifanye mtoto. Kama kuna mtu ana mimba katika nyumba yangu na mimi sijui, basi mimi ni nani? Kesho saa kumi wanakuja wote hapa kujaribisha nguo. Nitawapanga mstari, niwafunue mmoja mmoja ubavu. Nikimpata nampigia vigelegele hapohapo, mpaka wa ng'ambo ya mto wasikie."

Na angepiga kweli. Mama yake hakuwa na ubaya hata chembe, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Angepiga vigelegele, kaka angekuja mbio kuuliza kuna nini, na wifi angesimama tena katikati ya sebule ileile, akitazamwa na watu wanaoanza kungoja.

Saa nane ukaingia ujumbe wa wifi. Ulikuwa neno moja: "Wifi." Dirisha alikaa akiutazama akingoja ufuatiwe na jingine. Matusi angeyafurahia. Hakukuja kitu. Akaandika, akafuta, akaandika tena, akafuta. Mtu aliyekuwa na maneno ya kuwapa watu elfu mbili kila siku alikosa hata moja la kumpa huyu.

Aliwaza kuliiba gauni la wifi na kulichoma kwa pasi, aseme ni ajali. Lakini gauni moja likikosekana kwenye mstari, hata asiyejua kusoma angelielewa. Aliwaza kushona jipya. Kitambaa kilikwisha hadi kipande cha mwisho. Satini haisahau, mwenyewe ndiye aliyesema. Kama haisahau, basi lazima yote sita yakumbuke kitu kimoja. Wazo hilo lilipomjia aliliogopa, kwa sababu kazi ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alikuwa ameishona kwa wiki tano, na maharusi wawili walikwisha kumwambia watamletea za kwao wakishaiona.

Ijumaa saa mbili asubuhi aliwapigia watano. Akawaambia zipu zina kasoro, zitakatika ukumbini mbele za watu, wamletee haraka. Zipu ni neno linalomtisha kila mwanamke mwenye harusi kesho. Kufika saa tatu magauni matano yalikuwa mezani. Akafunga dirisha. Tangu apange chumba kile, dirisha lilikuwa halijafungwa mchana, na watu wawili waligonga kuuliza kama kuna msiba.

Alichukua la kwanza, akaligeuza ndani nje. Akashona mstari kandokando ya mshono wa kweli, akiliminya gauni kwa nusu sentimita, kwa sindano nene ya kushonea jinzi ambayo haina kazi yoyote juu ya satini. Akashona wa pili pembeni ya wa kwanza. Akapiga pasi mpaka mistari ikakaa, kisha akachukua kifumulio akaifumua yote. Gauni likarudi kipimo chake, halijapungua wala kuongezeka, ila ubavuni palibaki mistari miwili ya matundu, kama ile ya wifi. Akageuza ubavu wa pili. Kuharibu kwa ustadi ni kazi ngumu kuliko kushona, maana mkono uliofundishwa kunyoosha unagoma, nao lazima uulazimishe. Kwenye la tatu sindano ilimwingia kidoleni. Akakifunga kwa kitambaa ili damu isidondoke, akaendelea, machozi yakimtoka, na hakuwa na hakika ni ya kidole. Saa tisa na nusu alikata uzi wa mwisho.

Saa kumi wanawake sita walisimama mstari katika sebule ya mama yake, migongo kwa kabati la vyombo. Bibi harusi aliketi mkono wa kochi akila karanga. Wifi alikuwa wa tano. Alikuja na gauni lake amelivaa tayari, mikono ameibana mbavuni, uso mkavu. Kaka alikuwa uani akitengeneza taa za mapambo, na sauti yake ilisikika kila alipozijaribu.

"Haya," mama alisema, akivaa miwani. "Inueni mikono. Wote!"

Akamfikia wa kwanza, mwanamke mrefu, akampapasa ubavu, akainama. Akaona. Kifua kikamjaa hewa ya kigelegele.

"Mama, tazama na wa pili," Dirisha alisema haraka.

Mama akatazama wa pili. Hewa ikamtoka taratibu. Akaenda kwa wa tatu, wa nne. Akamfikia wifi. Vidole vya mama vilipita juu ya mistari miwili, vikasimama, vikaendelea kwa wa sita. Kisha mama akavua miwani na kumgeukia binti yake.

"Hii ni nini?"

"Nilikata vibaya," Dirisha alisema. "Yote sita. Yalibana, nikayapanua, yakabana tena, nikayapanua tena. Matundu nikayaziba kwa nta, ndiyo maana waliokagua jana hawakuyaona, ila leo pasi imeiyeyusha. Nikaona aibu. Nikaandika mzaha kwamba ni gauni moja na mtu mmoja, ili mtu akiona matundu asinilaumu mimi."

Mwanamke mrefu aligeuza gauni lake kwenye mwanga wa mlango, akaona jinsi mistari ilivyong'aa, akasonya.

"Miaka mitatu nilikulipia ufundi," mama alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, na Dirisha angependa iwe kubwa. "Miaka mitatu, ili ukaharibu harusi ya mtoto wa shangazi yako, halafu usingizie watu mimba. Unajua humu ndani kuna nani? Unajua neno hilo linamchoma nani?" Akamtazama wifi kidogo tu, akashusha macho.

"Najua, mama."

Bibi harusi aliacha karanga. "Dada," alisema, "na langu je?"

Dirisha alitaka kumwambia kwamba lake ni safi, hakuna mshono bora kuliko ule. "Lako ni zima," alisema, na hakuna aliyemwamini.

Alimkuta wifi kwenye ujia wa kwenda jikoni, akibadilisha viatu. Walisimama karibu sana, kwa sababu ujia ule ni mwembamba.

"Umekesha?" wifi aliuliza.

"Nilianza asubuhi."

"Nimeona. Umefanya kazi." Alifunga kamba ya kiatu, akainuka akishika ukuta. "Lakini mimi siku ile sikumwambia fundi. Nilimwambia wifi yangu."

Uani kaka alifanikiwa kuwasha taa zote kwa pamoja, akashangilia peke yake. Wifi akatoka kumtazama.

Harusi ilipita. Wale maharusi wawili walipeleka vitambaa kwa fundi wa barabara ya juu, mtu ambaye Dirisha hangempa hata shuka apinde. Mwanamuziki wa miwani alirudi tena mjini, safari hii akaanguka kabisa kwenye lile shimo la barabara, mbele ya dirisha, na watu wakamwandikia Dirisha wakimsihi: andika basi! Hakuandika. Alikaa na kicheko hicho peke yake mpaka kikaisha.

Wiki ya tisa baada ya harusi, asubuhi, kivuli kilisimama dirishani. Alikuwa wifi, amevaa kanga ya kulegea, na tumbo lake lilikuwa halihitaji tena kutafutwa. Dirisha alisimama akaangusha mkasi.

"Wifi! Karibu. Ingia, ingia ndani." Tayari futi ilikuwa mkononi mwake, hajui ameichukua saa ngapi.

"Nina haraka kidogo," wifi alisema. Hakuwa na hasira. Alipitisha mfuko wenye kitambaa dirishani, pamba nyepesi ya maua, na juu yake kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. "Nataka magauni mawili ya kulegea. Vipimo nimeandika humo. Mama amenipima jana."

Dirisha akaifungua karatasi. Mwandiko ulikuwa wa mama yake, mkubwa na wa kubonyeza: bega, kifua, urefu, na katikati, tarakimu za kiuno zilizopigiwa mstari mara mbili kwa furaha. Alipoinua macho wifi alikwisha kuvuka barabara, mkono mmoja mgongoni, akilizunguka lile shimo polepole. Dirisha akaikunja futi, akaiweka kando, akaanza kukata kwa kufuata karatasi.